Treni ya mwisho iliondoka saa nne asubuhi

Jioni ya Alhamisi, Aprili 16, 2020, serikali ya Japani ilipanua hali ya dharura ya korona kutoka mikoa 7 hadi nchi nzima. Usiku huohuo kampuni ya reli ya kisiwa cha kaskazini, JR Hokkaido, ilitoa tangazo ambalo kwa mtu asiyejali reli halikuwa na uzito wowote. Treni ya Shin-Totsukawa, iliyokuwa ifanye safari yake ya mwisho wiki moja baadaye, ingefanya safari hiyo kesho yake asubuhi, saa 4:00. Aliyekuwa Tokyo au Osaka na kamera yake mkobani alikuwa ameshachelewa hata kabla ya kusoma habari yenyewe.

Shintotsukawa ni mji mdogo wa wakulima wa mpunga katika bonde la mto Ishikari. Waanzilishi wake walihamia Hokkaido kutoka kijiji cha Totsukawa, mkoani Nara, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1889, wakabeba na jina la kwao. Stesheni yao ilifunguliwa mwaka 1931. Wakati mmoja reli ilipita hapo na kuendelea hadi Ishikari-Numata, lakini kipande hicho kilifungwa mwaka 1972, na tangu hapo Shin-Totsukawa ikawa mwisho wa njia: jengo dogo la mbao, jukwaa moja, na pau mbili za chuma zinazokoma majanini.

Kuanzia Machi 2016 treni ilifika hapo mara moja tu kwa siku. Lilikuwa behewa moja linalojiendesha kwa dizeli, la aina ya KiHa 40, jeupe lenye mstari wa kijani. Liliingia saa 3:28 asubuhi. Dereva, ambaye hakuwa na kondakta, alihamia chumba cha uendeshaji cha upande wa pili, na saa 4:00 kamili akaondoka kurudi alikotoka. Aliyeikosa alisubiri hadi kesho. Ndiyo maana stesheni hiyo ilijulikana Japani nzima kwa kuwa na treni ya mwisho ya siku inayoondoka mapema kuliko zote nchini, na ndiyo maana wapenzi wa treni waliihusudu. Walishuka Takikawa, ng'ambo ya mto, wakavuka kwenda kuisubiri, wakapiga picha zao katika ile nusu saa, kisha wakapanda. Watoto wa chekechea ya jirani walikuwa na desturi ya kuja kuwapungia mkono.

Mapenzi hayo hayakuiokoa. Hesabu za kampuni za mwaka mmoja zilionyesha kuwa kipande hicho kilimeza zaidi ya yeni 2,000 ili kuingiza yeni 100. Desemba 2018 miji minne iliyopitiwa na njia hiyo ilikubali kilomita 47.6 zifungwe, na safari ya mwisho ikapangiwa Mei 6, 2020, mwishoni mwa wiki ya sikukuu ambayo Wajapani wengi husafiri. Umati ulitarajiwa. Virusi vilipoenea, umati huohuo ukawa ndio tatizo. Kampuni ikairudisha siku ya mwisho nyuma hadi Aprili 24; tamko la dharura lilipofika Hokkaido, ikairudisha tena hadi Aprili 17.

Gavana wa Hokkaido, Naomichi Suzuki, alikuwa mtu anayezijua treni za mwisho. Kabla ya kuchaguliwa gavana alikuwa meya wa Yubari, mji wa zamani wa makaa ya mawe uliofilisika, na mwaka 2016 yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza kwa JR Hokkaido kwamba tawi la reli la mji wake lifungwe, ili mji upate huduma nyingine ya usafiri badala ya kusubiri kunyang'anywa. Tawi la Yubari lilifungwa kwa shangwe na machozi: Machi 31, 2019 watu walijaa kwenye majukwaa na kandokando ya reli, kamera juu. Mwaka mmoja baadaye, Februari 28, 2020, Suzuki huyohuyo alitangaza hali ya dharura ya korona Hokkaido, wiki kadhaa kabla ya serikali kuu kufanya hivyo, akiwasihi watu wabaki majumbani. Kisiwa kimoja, treni mbili za mwisho, na kati yake miezi 12 na siku chache.

Je, kampuni ilikosea kuiwahisha treni ya Shin-Totsukawa? Haikukosea. Behewa la KiHa 40 likijaa watu wa kutoka kila pembe ya nchi, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Aprili ya Hokkaido, lisingekuwa sherehe ya kuagana. Lingekuwa chanzo cha maambukizi katika mji wenye wazee wengi. Na picha za treni hiyo zipo za kutosha: wapenzi wake walikuwa wameipiga katika theluji, katika mpunga wa kijani na katika mpunga wa dhahabu, miaka nenda rudi. Kilichokosekana Aprili 17 hakikuwa picha. Ilikosekana nafasi ya mtu aliyeipanda kwenda shule miaka ya sitini kuja na wajukuu wake kuiaga, kwa kuwa tangazo lilitoka usiku na treni ikaondoka asubuhi. Msomaji wa Kenya anayekumbuka mazishi ya mwaka 2020, yaliyowekewa kikomo cha watu 15, na maiti ikizikwa kabla ndugu wa mbali hawajapata hata nauli, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hokkaido haikuwa peke yake. Machi 8, 2020 kampuni ya JR Central ilikuwa imepanga safari maalum ya kuwaaga wapenzi wa treni za mwendokasi za aina ya 700, zile zenye pua bapa kama mdomo wa bata, zilizoanza kazi mwaka 1999 kati ya Tokyo na Osaka. Siku chache kabla, safari ikafutwa, kisa ni kuepusha msongamano. Treni iliyobeba abiria kwa miaka 21 ikaondoka katika njia hiyo bila kwaheri.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na watu wa aina hii, huenda haya yote yanashangaza. Ni nani anayesafiri siku nzima kwenda kutazama behewa moja? Japani wapo wengi mno kiasi cha kugawanyika: kuna wanaopenda kupanda, kuna wanaopenda kupiga picha tu, kuna wanaorekodi sauti za injini na matangazo ya stesheni, na kuna wanaokusanya tiketi na ratiba. Wakati mwingine hugombana wao kwa wao, hasa wapiga picha, kwa kuwa pembe nzuri ya kona ya reli haitoshi watu mia.

Lakini Uingereza ndiko mchezo huu ulikopata sura yake. Mwaka 1942 kijana aliyefanya kazi katika ofisi ya habari ya kampuni ya Southern Railway, Ian Allan, alichoka kujibu barua za watu waliouliza habari za injini, akachapa kijitabu chenye namba zote. Kikanunuliwa kama njugu. Akachapa na vya kampuni nyingine, na kwa miaka mingi iliyofuata watoto, wengi wao wavulana, walisimama ncha ya jukwaa na penseli mkononi, wakipigia mstari kila namba waliyoiona kwa macho yao. Injini za mvuke zilipoondolewa katika huduma za kawaida Agosti 1968, mchezo haukufa nazo. Ulihamia kwenye dizeli, kisha kwenye umeme, kisha kwenye kamera za kidijitali. Waingereza wengine huwacheka watu hawa na makoti yao ya mvua na chupa zao za chai. Wenyewe hawajali, au wamezoea.

Machi 23, 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaambia Waingereza wabaki nyumbani. Ruhusa ya kutoka ilikuwa ya mambo machache: kununua mahitaji, matibabu, kazi isiyoweza kufanyika nyumbani, na mazoezi mara moja kwa siku. Treni hazikusimama. Serikali ilibeba gharama zake ili wauguzi, madaktari na wafanyakazi wa maduka ya chakula wafike kazini, kwa hiyo ziliendelea kupita kwa ratiba iliyopunguzwa, taa zimewashwa, viti vitupu. Kati ya Aprili na Juni 2020 safari za abiria wa reli Uingereza zilikuwa takriban milioni 35. Kipindi kama hicho mwaka uliotangulia zilizidi milioni 430.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuchekesha, kama lipo la kuchekesha katika mwaka ule. Mpiga picha wa treni hutumia maisha yake akipigana na vichwa vya watu. Anasubiri saa mbili, treni inaingia, na mtu mwenye sanduku la magurudumu anasimama mbele ya lenzi. Aprili 2020 majukwaa yalikuwa matupu kutoka London hadi Edinburgh, hakuna wa kumzuia. Kasoro ni moja tu: yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwapo.

Sheria haikutaja treni wala kamera. Ilidai mtu awe na sababu ya msingi ya kuwa nje ya nyumba yake, na polisi wakaachiwa kazi ya kupima sababu za watu. Mwishoni mwa Machi polisi wa Derbyshire walirusha droni juu ya vilima vya Peak District na kusambaza video ya watu waliokuwa wakitembea na mbwa wao, kuonyesha kwamba safari ile haikuwa ya lazima. Walilaumiwa sana. Katikati ya Aprili mwongozo wa polisi ukalainishwa: kuendesha gari kwenda mashambani kutembea kunakubalika, mradi muda wa kutembea uzidi kwa mbali muda wa kuendesha. Kwa mpenzi wa treni kipimo hicho kilimaanisha kwamba aliyezaliwa na bahati ya kuishi karibu na njia kuu ya reli angeweza kutoka kwa mazoezi yake ya siku, kamera shingoni, akasimama kwenye daraja la waenda kwa miguu dakika tano, akapiga treni ya mizigo na kurudi. Aliyeishi umbali wa saa moja kwa gari alibaki na albamu zake.

Mei 13 Uingereza yenyewe, yaani England, iliruhusu watu waendeshe gari umbali wowote kwenda maeneo ya wazi. Wales na Scotland ziliendelea kuwataka watu wabaki karibu na nyumbani, na hata zilipolegeza baadaye ziliwaomba wasitoke nje ya maili 5, kama kilomita 8. Mtu aliyesimama upande mmoja wa mpaka angeweza kuifuata treni ileile kwa siku nzima. Wa upande wa pili aliiona ikipotea konani.

Wako waliosema kwamba kumzuia mtu anayesimama peke yake shambani ni ubishi wa serikali usio na maana, kwa kuwa hana wa kumwambukiza. Hoja hiyo ina nguvu ukimtazama mtu mmoja. Haina nguvu ukikumbuka namna wapenzi wa treni wanavyoishi. Wanajuzana. Tovuti za ratiba huonyesha dakika kwa dakika treni gani inapita wapi, hata za mizigo, na injini yenye rangi adimu ikitoka karakana habari husambaa kabla haijafika makutano ya kwanza. Februari 25, 2016, injini maarufu ya mvuke Flying Scotsman iliporejea kazini na kusafiri kutoka London hadi York, watu walivamia njia ya reli kuipiga picha hadi treni ikalazimika kusimama. Hapakuwa na janga lolote wakati ule. Atakayedai kwamba umati kama huo ungejipanga kwa nafasi ya mita mbili mwaka 2020 anawajua watu wengine, si hawa.

Walichofanya wengi wao, na hapa wanastahili heshima, ni kutii na kutazama kilichopita karibu. Treni za mizigo ndizo zilizokuwa neema yao. Abiria walibaki nyumbani, lakini makontena yalihitaji kutoka bandarini na maduka yalihitaji kujazwa. Kampuni ya GB Railfreight iliipa mojawapo ya injini zake jina la Captain Tom Moore, mzee mstaafu wa jeshi aliyetembea mizunguko 100 ya bustani yake kabla ya kutimiza miaka 100 na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 32 kwa ajili ya hisani za huduma ya afya ya taifa. Kampuni ya Great Western Railway nayo iliipa treni yake ya abiria jina hilo siku ya kuzaliwa kwake, Aprili 30, 2020. Kwa watu waliofungiwa, kupitiwa na injini hiyo karibu na nyumbani lilikuwa tukio la mwezi.

Na Uingereza nako kulikuwa na maagano yaliyopotea. Treni za Pacer zilitengenezwa miaka ya themanini kwa kuweka mwili uliotokana na basi juu ya chesi ya magurudumu manne. Zilirukaruka kwenye maungio ya reli, zilipiga kelele za chuma kwenye kona, na abiria wa kaskazini mwa England walizichukia kwa miaka mingi, tena kwa haki. Kampuni ya Northern iliziondoa za mwisho mwishoni mwa Novemba 2020, wakati England ilikuwa katika kifungo chake cha pili, kilichoanza Novemba 5 na kumalizika Desemba 2. Hata treni iliyochukiwa ina watu wake wa kuililia, lakini wengi wao siku hiyo walikuwa ndani.

Baada ya Pacer ikaja zamu ya treni ambayo hakuna aliyeichukia. Treni za HST, zilizoanza kazi mwaka 1976 na kuipa Uingereza mwendo wa maili 125 kwa saa kwa dizeli tupu, zilifanya safari yake ya mwisho katika kampuni ya East Midlands Railway Jumamosi ya Mei 15, 2021. Siku mbili baadaye, Mei 17, vizuizi vya England vililegezwa, na hadi watu 30 wakaruhusiwa kukutana nje. Ratiba ya reli na ratiba ya wizara ya afya hazikuulizana.

Kufungiwa huko kulizaa pia jambo ambalo wazee wa mchezo hawakulitarajia. Kijana mmoja mwanafunzi wa uhandisi, anayejulikana kwa jina la kisanii la Francis Bourgeois, alianza wakati wa vizuizi kuweka TikTok video fupi za yeye na treni. Aliifunga kamera ndogo mbele ya uso wake, hivyo mtazamaji haoni treni tu: anaona macho yakitoka, mdomo ukipanuka na kicheko kikilipuka dereva anapompigia honi. Mamilioni wakamfuata. Januari 2022 alikuwa kwenye tangazo la mavazi la Gucci na The North Face, akiwa kondakta wa treni. Mchezo uliochekwa kwa miaka 80 ukawa mtindo. Wapo wapenzi wa zamani waliokunja uso, wakisema kijana anajipiga picha yeye badala ya treni. Hawakutambua kwamba alichokipiga ndicho ambacho picha zao nadhifu hazijawahi kukionyesha, yaani furaha ya mtu aliye upande wa nyuma wa kamera.

Wengine walihamia kwenye kamera za moja kwa moja. Marekani, mji mdogo wa Folkston, Georgia, hupitiwa na njia ya mizigo yenye shughuli nyingi na una kamera inayorusha treni hizo mtandaoni mchana na usiku. Mwaka 2020 kampuni ya Union Pacific iliahirisha safari za injini yake kubwa ya mvuke, Big Boy namba 4014, iliyokuwa imefufuliwa mwaka 2019. Haikurudi relini hadi Agosti 2021. Aliyekosa ya mvuke alitazama ya dizeli kwenye simu, akiwa kitandani.

Inafariji, lakini si kitu kilekile. Kupiga picha ya treni ni kazi yenye ufundi wake. Mpigaji anajua jua litakuwa wapi saa ngapi, na upande gani wa tuta utakuwa kivulini. Anajua kwamba treni za kisasa huandika jina la mwisho wa safari kwa taa za LED zinazowaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, hivyo akiiweka kamera kwenye kasi kubwa ili kuizuia treni isitoke na ukungu, kibao kile kitatoka nusu kimezimika. Akipunguza kasi ili kibao kisomeke, treni inatoka na ukungu. Lazima achague, au asubiri mahali treni inapopunguza mwendo. Kisha anasikia pau za reli zikianza kulia kabla treni haijaonekana, na ana sekunde chache. Kamera iliyofungwa juu ya nguzo haichagui chochote.

Huku kwetu habari ilikuwa tofauti, na inahitaji kuelezwa bila kuigiza kwamba tuna jeshi la wapenzi wa treni kama la Japani. Aprili 6, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, kisha zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Madaraka Express, treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa, ikasimama hadi Julai 13. Machi 2021 Nairobi na kaunti nyingine nne zilifungwa, na treni ya abiria ikasimama tena hadi Mei. Mizigo haikusimama. Kenya ilisukuma makontena ya nchi jirani yapande reli hadi Naivasha, sababu mojawapo ikiwa hofu ya maambukizi kati ya madereva wa malori waliokuwa wamepanga foleni Malaba na Busia. Aliyekuwa karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi aliiona treni ndefu ya makontena ikipita juu ya daraja la zaidi ya kilomita 6, twiga chini, mji nyuma. Hakuna mpiga picha wa Hokkaido ambaye asingeuza lenzi zake kwa pembe hiyo. Tanzania haikuwafungia watu majumbani, na treni za shirika lake la reli, TRC, ziliendelea.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka huohuo ambao Japani na Uingereza zilikuwa zikifunga njia na kustaafisha treni, sisi tulikuwa tukifufua. Oktoba 2020 treni ya abiria ilirejea Arusha, mji uliokaa zaidi ya miaka 30 bila kuiona. Novemba, Nairobi ilizindua treni za dizeli za mitumba zilizokuwa zimetumika kisiwani Mallorca, Hispania. Desemba, treni ya abiria ikarudi Nanyuki. Mwaka wowote mwingine habari kama hizo zingewaleta wageni wenye lenzi ndefu, hasa Mallorca kwenda Nairobi, kwa kuwa wapenzi wa treni huzifuata hata zikihamia bara jingine. Safari hii anga lilikuwa limebanwa. Treni ya Arusha ilipokelewa na watu wa Arusha, na simu zao.

Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliitengenezea East African Railways injini 34 za mvuke za daraja la 59, kila moja ikizidi tani 250, kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zimebaki, zote Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena, na milima yenyewe iko Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron, mwingine Upare. Tafuta leo picha za injini hizo zikiwa kazini, zikipandisha kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na nyingi utakazozipata zilipigwa na wageni. Wazee wetu walizichochea mafuta, walizitengeneza, walizisubiri stesheni wakiwa na magunia ya ndizi; kamera ilikuwa ya mtu mwingine.

Kamera sasa ni yetu, lakini tabia haijabadilika sana. Anayetoa simu karibu na reli au daraja katika nchi zetu analijua swali la mlinzi: unapiga picha za nini, na kwa kibali cha nani? Mlinzi anafanya kazi aliyotumwa. Ila treni ileile imeshapigwa na setilaiti, na abiria 500 waliomo ndani kila mmoja ana simu. Kumzuia kijana wa Voi au Morogoro asiyepanda reli wala kuvuka mstari wa njano hakulindi chochote.

Mashirika yetu ya reli yana uwezo wa kufanya jambo ambalo JR Hokkaido ilinyimwa na virusi. Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilisimama mwaka 2017 kupisha Madaraka Express. Treni za umeme za Tanzania zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na baada ya wiki chache zikafika Dodoma. Vichwa vya treni na mabehewa ya reli ya mita moja vitaendelea kustaafu kimoja baada ya kingine. Shirika linapojua tarehe, na litangaze, tena mapema kuliko usiku mmoja. Siku hiyo lifungue jukwaa kwa wenye kamera, liweke kamba pale wasipotakiwa kuvuka, na liziombe picha zao kwa ajili ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971, au kwa ajili ya makumbusho ambayo Tanzania nayo inapaswa kuwa nayo ya aina hiyo.

Na msomaji mwenye picha ya treni kwenye albamu ya nyumbani, baba akiwa ameegemea behewa Tabora au mama na kapu Kisumu, aigeuze leo aandike nyuma yake jina la stesheni, mwaka, na namba ya injini kama inasomeka, wakati wanaokumbuka bado wapo wa kuulizwa.